Miwani ya VR: hesabu kilichopo nyumbani kabla hujatoa pesa

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na hamri mdomoni pale Ngamiani: "Kaka, ninunue Quest au PlayStation?" Miwani ya VR ni ile unayovaa usoni ukajiona umo ndani ya gemu, na swali hilo limeanzia mwisho. Nakupeni njia ninayopita mimi kila nikiombwa ushauri.

Hatua ya 1: Una mashine gani tayari?

Huna PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony) wala kompyuta ya gemu? Basi ni Meta Quest 3S au Quest 3, mjadala umekwisha. Hizi zina chipu na betri ndani, unavaa unacheza, waya hamna. Quest 3 ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, na 3S mwaka uliofuata kwa dola 299. Chipu zao ni moja, hivyo usikubali muuzaji akuambie 3S "haivuti gemu mpya". Inavuta. Ulipopunguziwa ni kwenye macho: 3S imerithi lenzi za Quest 2, zile zenye mistari ya duara kama sahani ya santuri. Katikati unaona safi, pembeni maandishi yanaota ukungu, ikabidi ugeuze kichwa kizima. Kwenye Quest 3 unazungusha macho tu.

Una PS5? Miwani yake, PlayStation VR2 ya Februari 2023, ina kioo cha OLED, nukta 2000 kwa 2040 kila jicho. Giza lake ni giza kweli, si kijivu. Ukiwa ndani ya gari la Gran Turismo 7 usiku utanielewa. Ila ina waya wa mita 4.5, PS4 haiitambui, na gemu za PlayStation VR ya kwanza ya 2016 hazichezi humo mpaka mtengenezaji awe ametoa toleo jipya. Ilianza kwa dola 550, ikashushwa hadi 400 mwaka 2025.

Una kompyuta yenye kadi nzuri ya picha? Quest yoyote kati ya hizo inaungana nayo kwa waya au Wi-Fi, na hapo ndipo utaipata Half-Life: Alyx, gemu la VR la kompyuta.

Bei zote hizo ni za Marekani. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, ndipo uanze kuota.

Hatua ya 2: Pima macho

Hapa unapima umbali kati ya mboni zako mbili. Watu wengi wanairuka hii, halafu wanalalamika kichwa kinauma. Simama karibu na kioo, weka rula juu ya nyusi. Funga jicho la kulia, sifuri ikae sawa na katikati ya mboni ya kushoto. Usisogeze kichwa wala rula. Sasa fumbua la kulia, funga la kushoto, usome milimita pale ilipo mboni ya kulia. Rudia mara tatu, maana mkono hutetemeka.

Lenzi za 3S zina vituo vitatu tu vya umbali huo: milimita 58, 63 na 68. Mimi nina 66, naweka 68 na maisha yanaenda. Jirani yangu ana 72. Kwake 3S ni ukungu mtupu, Quest 3 yenye gurudumu la kurekebishia ikamkaa vizuri.

Hatua ya 3: Chumba

Mita 2 kwa 2 zinatosha. Halafu tazama juu. Nyumba zetu hizi feni ya dari iko chini. Tazama na pembeni: mpwa wangu alinyoosha mkono kwenye gemu la Beat Saber, padi ya mkononi ikaenda kugonga kabati la vyombo. Mkono ulipona. Vikombe viwili havikupona.

Hatua ya 4: Jua

Hapa naongea kwa uchungu. Nilicheza jioni moja, nikaivua, nikaiweka kitini lenzi zikitazama dirishani, nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi jua lilikuwa limeingia kwa mshazari. Sikujali. Usiku nilipovaa nikaona doa la manjano jicho la kushoto, refu kama mkia wa mjusi, kila gemu linanifuata. Lenzi ni kioo cha kuwashia moto: hukusanya jua na kuchoma skrini iliyo nyuma yake, na dakika chache zinatosha. Kwa jua letu la Tanga, ukivua tu, funika. Mimi siku hizi naivika soksi.

Hatua ya 5: Ukinunua ya mtumba

Iepuke Quest ya kwanza ya 2019, masasisho yake yamekoma. Ziepuke pia zile za Windows Mixed Reality, mfumo wa Microsoft wa miwani ya kompyuta, kama HP Reverb G2: Microsoft iliondoa mfumo huo kwenye Windows 11 toleo 24H2, ndiyo maana unaona zinauzwa bei ya kutupa. Quest iliyotumika ifutwe yote mbele yako, uingize akaunti yako, ndipo utoe hela. Na uivae, ufungue ukurasa mweupe mtupu ndani ya skrini. Doa la jua huonekana hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zai, Makorora: Mwanangu ana miaka 8, ananisumbua sana. Nimnunulie?

Dada, bado. Meta wanataka mtoto awe na miaka 10 na akaunti iliyo chini ya mzazi, Sony wanasema 12.

Mwenye Kibanda: Kaka, kucheza gemu za kompyuta kwa Wi-Fi si bando litakwisha kwa siku moja?

Halikwishi. Picha inatoka kwenye kompyuta, inapita rauta, inaingia kwenye miwani, yote humo humo ndani. Bando linaliwa na kupakua gemu. Unachohitaji ni rauta ya 5 GHz, na kompyuta iunganishwe nayo kwa waya.

Mwenye Kibanda: Na VR2 kwenye laptop yangu yenye HDMI?

Haiwezi. Adapta ya Sony, ile ya kuunganisha VR2 na kompyuta, inataka tundu la DisplayPort 1.4, si HDMI. Na hata ikikubali, kwenye kompyuta unapoteza HDR (ule mng'ao wa ziada wa picha) na ufuatiliaji wa macho.

Binti Chumbageni: Shikamoo mjomba. Dakika tano tu natapika, nina ugonjwa?

Marahaba. Huna. Macho yanaona unakimbia, sikio la ndani linasema umesimama. Ni kichefuchefu kile kile cha mashua. Anza na gemu za kusimama mahali pamoja, feni ikupulize usoni, na jasho la kwanza tu uvue. Ukijikaza utachukia hata kuiona.

Binti Chumbageni: Nichukue 3S, mjomba, au nisubiri nipate Quest 3?

Umepima macho?

Binti Chumbageni: 62.

Chukua 3S. Hela inayobaki nunua padi ya uso ya silikoni, jasho la Januari unalijua.