Kuingiza moduli ya Singleton kwenye klasi ya Ruby iliyoandikwa kwa C

`Comparable` na `Enumerable` hazina shida: tayari zipo kama `rb_mComparable` na `rb_mEnumerable`, hivyo `rb_include_module` inatosha. `Singleton`, inayoifanya klasi iwe na kitu (instance) kimoja tu, iko kwenye maktaba sanifu, kwa hiyo ipakie kwanza. Ndani ya `Init_kaunta`, yaani fanksheni ya C ambayo Ruby huiita inapopakia kiendelezi chako, baada ya kuunda klasi `Kaunta` (hapa `k`):

```c
rb_require("singleton");
VALUE m = rb_const_get(rb_cObject, rb_intern("Singleton"));
rb_funcall(k, rb_intern("include"), 1, m);
```

Ukisahau mstari wa kwanza, na hakuna msimbo mwingine ulioipakia, utapata `NameError`.

Angalia sana mstari wa tatu. `rb_include_module` haiiti `included`, mbinu ambayo `include` ya kawaida huiita moduli inapoingizwa, na karibu kazi yote ya `Singleton` hufanyika humo. Ukiitumia hapa kila kitu kitajengeka bila kosa, lakini `Kaunta.instance` itatoa `NoMethodError`, na `Kaunta.new` itabaki wazi kwa yeyote.

`Forwardable` ni tofauti, kwa sababu huongezwa kwa `extend`, si `include`: ipakie vivyo hivyo, kisha, `m` ikiwa ni `Forwardable`, tumia `rb_extend_object(k, m)`.