Uchangie hela OpenStreetMap au usichangie? Fanya hivi

Kama unatumia OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ya bure mtandaoni, na unajiuliza utoe hela au la, jua kwanza wanaochora ni watu wa kujitolea, hela yako haiendi kwao, inaenda OpenStreetMap Foundation, shirika lililosajiliwa Uingereza 2006, ndo linalipia seva na uendeshaji. Kwa hiyo ingia tovuti yao wenyewe, soma ripoti ya matumizi, ukiridhika ndo utoe. Mtu akikufuata inbox na namba ya simu eti tuma mchango huku, usitume, hata kama kaweka logo.

Kiasi? Toa ambacho hakigusi kodi wala ada ya mtoto, na cheki makato kabla hujabonyeza.

Ila kama mfukoni kumekauka usijisikie vibaya kabisa, kwa Dar mi naona muda wako una faida zaidi. Ramani Huria, mradi wa kuchora mitaa ya Dar kwenye OpenStreetMap, ilivyoanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka Tandale na mitaa mingine wakachora nyumba, njia na mifereji, ijulikane mafuriko yanapita wapi. Na wewe fungua akaunti ya OpenStreetMap, ni bure, chora mtaro wa nyuma ya kwenu, andika na jina la uchochoro vile watu wa hapo wanavyouita.