Jinsi ya kulitafuta boma la Mercer pale Pittsburgh, Marekani (halipo, ila utalipata)

Wengi wakifika Point State Park, ile bustani ya pale mito inapokutana, wanapiga picha na ile fauntini kubwa halafu haoo, wanasema ngome wameiona. Ngome ipi sasa? Pale zimejengwa kadhaa, na ninayoipenda mimi, boma la Mercer la Waingereza, haijaacha hata jiwe.

Usianzie chini. Panda kwanza Duquesne Incline, kile kibehewa kinachovutwa na kamba kupanda mlima, kipo tangu 1877. Ukifika juu geukia mjini, mto Allegheny utauona kushoto, mto Monongahela kulia, inakutana hapo mbele yako inakuwa mto Ohio. Utaelewa mwenyewe kwa nini Wafaransa na Waingereza waliuana kwa kile kincha cha ardhi, maana anayekaa pale hakuna mtumbwi utampita bila yeye kuuona.

Haya, shuka sasa. Ukitokea mjini treni hadi stesheni ya Gateway ni bure. Kwenye majani tafuta mstari wa mawe, huo ndo umechora Fort Duquesne, ngome ya Wafaransa, ufuate kwa miguu mpaka umalize, utashangaa kadogo kweli. Novemba 1758 waliichoma wenyewe wakakimbia, jenerali Forbes wa Waingereza kufika anakuta majivu, na baridi ndo hiyo inaingia, ngome ya maana utaijenga saa ngapi? Waingereza wakasimamisha boma la magogo la pembe nne la kujishikiza tu, wakamwachia Hugh Mercer, daktari wa Kiskoti, na askari wasiofika 300.

Kwa hiyo toka kwenye ule mstari, nenda upande wa Monongahela halafu panda kinyume na mkondo. Boma lilikuwa ukingo huo. Nenda Disemba ukiweza, mimi nilienda na kijaketi cha mitumba, upepo wa mtoni ulinifundisha historia kuliko kibao chochote.

Malizia Block House, kijengo cha ulinzi cha 1764, masalia ya Fort Pitt, ile ngome kubwa ya Waingereza iliyoanza kujengwa 1759 boma la Mercer likawa halina kazi tena. Kuingia bure ila wakati wa baridi hawafungui kila siku, cheki kwanza. Ukiwa pale angalia matundu ya bunduki kwa karibu, ukuta ni tofali lakini matundu yamechongwa kwenye boriti za mbao, weka jicho uone askari alikuwa anaona kiasi gani cha nje, kidogo mno.