Somo: Kuendesha pikipiki kipupwe bila kuganda mikono

Wakuu, habari za baridi. Kila Juni ikiingia naanza kupokea ujumbe uleule: "Kaka naganda barabarani, nifanyeje?" Namjibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Mwaka huu naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwonyesha hapa.

Nasambaza dawa za mifugo kati ya Njombe na Makete, mwaka wa tisa huu, kwa Boxer. Natoka saa kumi na moja alfajiri ili niwakute wafugaji nyumbani. Walio Dar na Tanga uzi huu unaweza kuwapita.

Kabla ya yote, mjue mnapigana na nani. Watu wanahangaika na baridi wakati anayewamaliza ni upepo. Kipimo kikisoma nyuzi 5, ukikimbia kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaipata kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Ndiyo maana mtu anavaa masweta manne na bado meno yanagongana: sweta ni chujio, upepo unapita tu. Sweta moja na koti la mvua juu yake linayashinda hayo manne.

Hatua ya 1. Kula kabla ya kutoka. Uji, viazi, chochote.

Hatua ya 2. Nguo ya ndani iwe kavu. Fulana yenye jasho la jana iache nyumbani.

Hatua ya 3. Kifua. Gazeti lililokunjwa mara mbili, kati ya sweta na koti. Msicheke, jaribuni. Likiloa, tupa, weka jingine.

Hatua ya 4. Boshori chini ya helmeti, lishuke mpaka ndani ya kola. Mwanya wa shingoni ukiwa wazi, kazi ya gazeti imekwisha.

Hatua ya 5. Mikono. Hapa ndipo nilipolipa ada. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua glavu za sufu mnadani, nene, nikajiona mjanja. Ukungu ukaziloanisha ndani ya nusu saa, na sufu iliyoloa ikipigwa upepo ni friji. Kabla sijafika Ikonda, kwenye mteremko, nikaviamuru vidole vikamate breki. Vikabaki vimenyooka juu ya mkono wa breki kama vya mtu mwingine. Nikakanyaga ya nyuma peke yake, tairi likaserereka, nikaingia mtaroni na boksi la dawa. Sikuumia. Kuumia nilijitakia mwenyewe baada ya hapo, pale nilipoivua glavu nikashika ekzosi nipate joto. Vidole vilivyokufa ganzi havileti taarifa. Nilisikia harufu kabla ya maumivu. Kovu lipo kwenye vidole viwili mpaka leo.

Kwa hiyo hili mlishike. Vidole vikifa ganzi usivipeleke kwenye injini, ekzosi wala jiko la mkaa, na usivisugue. Simama, weka viganja kwapani, ngozi kwa ngozi, usubiri. Vikianza kuchoma kama sindano, damu inarudi. Kipimo changu ni kifungo cha shati: kama huwezi kukifunga, huwezi kushika breki. Usiondoke.

Kinga yenyewe ni dumu la mafuta ya kula la lita 5. Likate katikati kwa urefu, kila nusu ikae mbele ya mkono mmoja, toboa, funga kwa waya kwenye shina la saitimira. ACHA UWAZI WA VIDOLE VIWILI kati ya plastiki na mikono ya breki na klachi. Zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, kisha bana breki uone kama inaachia yenyewe. Dumu langu la kwanza nililibananisha. Upepo ukilikunja, linabonyeza breki ya mbele. Nilimlaumu fundi wiki nzima bure. Nyuma ya dumu vaa glavu za ngozi zisizobana. Ukungu ukiwa mzito, zile za mpira za kufanyia usafi, saizi kubwa, zinaingia juu ya za sufu, ila jizoeze nazo uani kwanza.

Hatua ya 6. Magoti: vipande viwili vya tyubu ya lori, funga kwa mpira. Magoti hayana akiba.

Hatua ya 7. Miguu. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi mara mbili, damu haipiti. Zamani tulivaa mfuko wa rambo juu ya soksi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2019 wengi tuko kwenye gambuti.

Hatua ya 8. Sakitu, yaani umande ulioganda. Julai, mabondeni na kwenye madaraja, ukiona nyasi nyeupe, ujue na lami ina sakitu yake. Pole pole, usilaze pikipiki. Ukiweza, subiri jua.

MASWALI

Mdau, Mafinga: Maelezo marefu mno mkuu. Kwa kifupi ninunue nini?

Jibu: Dumu. Hatua ya 5.

Mdau, Mbeya: Mbona hujataja ulanzi? Vikombe viwili tu unasikia joto mpaka unafika. Wazee wetu walijua.

Jibu: Wazee wetu walikuwa wanatembea kwa miguu. Pombe inafungua mishipa ya damu ya karibu na ngozi, ndiyo maana unasikia joto. Joto hilo ndilo linalotoka, upepo unalichukua, na tumbo linabaki limepoa. Na hapo sijasema habari ya kona.

Mdau, Mbeya: Basi viroba.

Jibu: Viroba vya pombe vilipigwa marufuku 2017 na wewe bado unaviulizia.

Mdau, Kinangop: Hapa kwetu watu wa nduthi huvaa jaketi kinyume, zipu ikae mgongoni. Hii inasaidia ama ni mtindo tu?

Jibu: Inasaidia, na asante, nilisahau kuiandika. Zipu ni mstari mrefu wa matundu, na upepo unalijua kila tundu. Ukigeuza koti, kifuani unabaki na kitambaa kizima. Tatizo ni nani akufunge mgongoni, na likiwa wazi linajaa upepo kama tanga na kukuvuta. Nalivaa hivyo mke wangu akiwa macho.

Mdau, Tukuyu: Kaka, mimi ni muuguzi, natoka zamu ya usiku na bodaboda. Abiria hana dumu wala usukani.

Jibu: Pole na kazi dada. Faida yako ni mgongo wa dereva: kaa karibu, ficha mkono mmoja ndani ya koti lako, mwingine ubaki umeshika chuma cha nyuma. Onyo moja kubwa: kitenge, khanga au blanketi visining'inie. Vikishikwa na mnyororo au spoki vinakuvuta nawe. Vifunge kwa ndani, juu vaa koti.

Mdau, Uingereza: Mimi nina Mazda MX-5, gari la kufungua paa, na Januari nalifungua hivyo hivyo. Hapa tunapandisha vioo vya pembeni na kufungulia hita miguuni. Ajabu ni kwamba upepo unanipiga kisogoni, si usoni. Kwa nini?

Jibu: Swali tamu. Kioo cha mbele kinaurusha upepo juu ya kichwa chako, nyuma ya viti panabaki ombwe, basi unageuka na kurudi ndani kujaza pale. Kwa hiyo boshori na skafu ya shingoni kwako ni muhimu kuliko gazeti. Nasikia kuna kizuizi cha wavu kinachowekwa nyuma ya viti.

Mdau, Uingereza: Kipo. Nilikitoa nikidhani ni urembo. Nakirudisha.

Mdau, Iringa: Kioo cha helmeti kinajaa ukungu wa pumzi, sioni.

Jibu: Paka sabuni ya kipande kwa ndani, ikiwa kavu, kisha futa kwa kitambaa laini mpaka usiione. Inadumu siku mbili tatu.

Mdau, Mafinga: Nimeweka dumu. Breki ya mbele inabana.

Jibu: Uwazi wa vidole viwili.

Mdau, Mafinga: Vidole vya nani? Vyangu vinene.

Jibu: Vyako.