Kutafuta mkutano wa AA utakaokufaa: hatua kwa hatua, na maswali yenu

Wengi huingia mkutano mmoja wa Alcoholics Anonymous, AA kwa ufupi, yaani ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, wakatoka wakisema "haya si yangu" na wasirudi tena. Mara nyingi kilichowashinda si AA bali mkutano ule: saa haikuwafaa, lugha iliwapita, au waliona haya mbele ya watu waliowakuta. Kila kikundi hujiendesha chenyewe, kwa hiyo viwili vya mtaa mmoja vyaweza kutofautiana sana. Nawaandikia hasa walio Nairobi na miji mingine ya Kenya.

Hatua ya 1: Anza na mwili. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kutoa loki, usiache ghafla peke yako. Muone daktari kwanza. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla unaweza kupata mishtuko kama ya kifafa au kuona mauzauza, hasa siku tatu za kwanza, na wapo wanaokufa. Mkutanoni hakuna dawa. Unaweza kuhudhuria huku unatibiwa.

Hatua ya 2: Pata orodha. Tazama tovuti ya AA, au piga 1192, namba isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize kuhusu msaada ulio karibu nawe. Kliniki ya afya ya akili au ofisi ya parokia nayo huenda ikajua ukumbi wenye kikundi. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu yako anaweza kuingia, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao.

Hatua ya 3: Chagua kwa saa na kwa njia. Hapa naomba msipite haraka. Jiulize, hamu hukushika saa ngapi? Kama ni saa kumi na mbili jioni ukitoka kazini, mkutano wa Jumamosi asubuhi hautakulinda Jumanne. Tafuta wa jioni, siku za kazi. Wiki ya mshahara ndiyo ya kuhudhuria zaidi kuliko zote. Kisha ifikirie njia yenyewe: unashuka steji gani, unapita mbele ya baa gani, nani atakuita kwa jina? Mimi ningechagua mkutano wa mbali kidogo ambao njia yake haipiti kwenye baa yangu, niache ule wa jirani. Nauli ya kurudi itenge mapema. Kiingilio hakuna, kuna mchango wa hiari tu, na mgeni halazimiki kutoa.

Hatua ya 4: Uliza lugha. Kama wanatumia Kiingereza, uliza kama unaweza kuchangia kwa Kiswahili. Dada asiyeweza kuzungumzia mambo ya nyumbani mbele ya wanaume atafute mkutano wa wanawake. Ukikosekana karibu, ipo ya mtandaoni.

Hatua ya 5: Nenda, kisha nenda kwingine. Mkutano huchukua kama saa moja. Utaje jina la kwanza tu, na ukisema "leo nasikiliza" hakuna atakayekusukuma. Usiondoke mara unapoisha, maana namba za simu hutolewa wakati huo, na ndizo utakazohitaji usiku. Onja vikundi kadhaa kabla ya kuamua. Ukiambiwa uache dawa za daktari, ukidaiwa pesa, au mkongwe akianza kumtongoza mgeni, toka utafute kikundi kingine.

MASWALI YENU

Mimi ni Mwislamu, na mkutano uko ukumbi wa kanisa. Niende?
Nenda, ndugu yangu. Ukumbi ni wa kukodi tu; AA haifungamani na dini yoyote. Hatua kumi na mbili ambazo wanachama wa AA huzifuata ili kuacha pombe zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", na sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa. Kama kutajwa kwa Mungu kwenyewe kunakuzuia, kuna SMART Recovery, mpango mwingine wa kusaidiana kuacha, usiotumia dini na wenye mikutano mtandaoni.

Mume wangu amekataa kabisa. Nimburute?
Hapana, mama. Nenda wewe kwa Al-Anon, kikundi cha jamaa za walevi. Ni chako, hata yeye akiendelea kunywa. Siku akilegea, mpeleke mkutano wa wazi mkae pamoja.

Je, nikimkuta bosi wangu?
Naye amekukuta. Kila mmoja anatakiwa kumfichia mwenzake siri. Ila hakuna sheria inayomfunga mtu mdomo, kwa hiyo mambo yanayoweza kukupoteza kazi mwambie mdhamini wako, yaani mwanachama mzoefu anayekuongoza, mkiwa wawili, si ukumbini.

Jana nilikunywa. Naweza kuja leo?
Njoo leo hii. Kama bado umelewa, kaa usikilize tu.

Kijijini kwetu hakuna kikundi.
Online Intergroup ya AA ina orodha ya mikutano ya mtandaoni kwa saa na lugha. Unaweza kuzima kamera. Lakini tafuta pia mtu mmoja wa karibu anayetaka kuacha. AA yenyewe ilianza mwaka 1935 Akron, Ohio, kwa watu wawili, Bill W. na daktari mpasuaji Dr. Bob. Mkishakuwa wawili, chagueni siku na saa, na mkutane hata mvua ikinyesha.