Samaki wa vipande vitano: kazi ya kwanza ya mtoto kwenye msumeno wa nakshi

Karakana yangu ina mashine nyingi, na hii ndiyo pekee ninayomruhusu mjukuu wangu wa miaka saba aiguse. Wembe wa msumeno wa nakshi ni mwembamba, unapanda na kushuka palepale, na haurushi ubao kama msumeno wa duara. Hata hivyo kidole unakikata vizuri tu, kwa hiyo sitoki ubavuni mwake hata dakika moja.

Tafuta ubao laini usio na vifundo, unene milimita 18 hadi 20, ili samaki asimame mwenyewe. Plaiwudi ya milimita 6 iache kwa herufi za jina lake, kazi ya siku nyingine.

Mchoro achore mwenyewe. Samaki wa kwanza wa mjukuu wangu alikuwa na mapezi kama miiba, yakavunjika yote kabla hatujafika kwenye msasa, na mtoto akalia. Tangu hapo tuna sharti: pasiwe na sehemu nyembamba kuliko kidole chake gumba, na tumbo liwe bapa. Kisha mgawe samaki kwa mistari minne, kila mmoja ukiwa na kinundu chenye shingo, kinachoingia kwenye kipande cha jirani. Kinundu kiwe kipana kuliko shingo, la sivyo vipande havishikani.

Bandika selotepu ya karatasi kwenye ubao, gundisha mchoro juu yake. Mwishoni vyote vinabanduka pamoja.

Mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, funga wembe meno yakielekea chini. Pitisha kidole taratibu kuelekea juu. Kikikwaruzwa, umefunga sawa. Udonoe kama uzi wa gitaa: ukilia kwa sauti kali, umekaza vya kutosha. Halafu hakikisha meza iko nyuzi 90 na wembe. Meza ikiinama kidogo tu, vipande vitatoka upande mmoja na kugoma upande wa pili.

Sasa miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, nywele zifungwe, mikono ya shati ikunjwe. Weka mwendo wa chini. Viganja vikae bapa pande mbili za mchoro, na kidole kisikae kamwe mbele ya wembe.

Hapa ndipo subira inapohitajika. "Babu, mstari unanikimbia!" Hakukosea. Nyembe nyingi huvuta upande mmoja kwa sababu meno yake yana ukali zaidi upande huo. Mfundishe kugeuza ubao kidogo kufidia, bila kubishana nao. Ukiona wembe unapinda kwenda nyuma, anasukuma, mwambie alegeze. Kwenye kona aache kusogeza, mashine iendelee, azungushe ubao taratibu kuuzunguka wembe.

Yeye anakata umbo la nje. Mistari ya ndani naikata mimi, maana vipande vinakuwa vidogo na vidole vinasogea karibu mno.

Msasa namba 120, kisha 220, kwenye nyuso na kingo za nje tu. Ukisugua maungio, samaki atalegea. Rangi za maji zinatosha. Kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu nyumbani, mchezo huu ukae kabatini juu, kwa sababu kipande cha mkia kinaingia mdomoni.