Kabla ya kuhesabu GB, uliza faili zako zitarudije

Kazi yangu ni kuhariri tasnifu. Kila msimu wa kukabidhi kazi napokea ujumbe wa mwanafunzi ambaye laptopu yake imeibwa au imekataa kuwaka, na swali langu la kwanza ni lilelile: nakala iko wapi? Wengi hujibu kuwa iko kwenye flashi, na flashi yenyewe ilikuwa ndani ya begi la laptopu. Ndiyo maana namsihi kila ninayefanya naye kazi afungue hifadhi ya mtandaoni mapema, hata kama hana fedha ya kulipia. Huduma za bure zipo na nyingine ni nzuri sana, mradi uchague kwa makini.

Watu wakitaka kuchagua, huanza na ukubwa: hii inatoa 5 GB, ile 15, basi twende na ile kubwa. Mimi nasema anza mwisho wa safari. Siku kompyuta haipo, utazipataje faili zako, zote, zikiwa na majina na folda zake, na kwa muda gani? Huduma isiyolijibu swali hilo vizuri haikufai hata ikikupa nafasi tele.

Kwanza jua una nini. Programu na filamu ziache, maana zinapatikana tena. Tafuta vile ambavyo vikipotea havirudi: maandishi yako, data ya utafiti, picha ulizopiga mwenyewe, barua na hati zilizoskaniwa. Viweke chini ya folda moja, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, usome ukubwa. Wengi hushangaa. Tasnifu ya kurasa 300 isiyo na picha nyingi huwa ni MB chache tu. Mzigo uko kwenye sauti. Saa moja ya mahojiano katika MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 60, lakini saa hiyohiyo ikirekodiwa kama WAV ya ubora wa CD inazidi MB 600. Mwenye mahojiano ishirini ya WAV anahitaji zaidi ya 12 GB, na hapo chaguo zake zinapungua ghafla.

Ninapoandika haya, Dropbox inatoa 2 GB bure, OneDrive, iCloud na Proton Drive 5 GB kila moja, IDrive 10, Google 15, na MEGA 20. Hizo 15 za Google zisikudanganye: zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya unayopakia inahesabiwa humo. Zikijaa, hata barua pepe huacha kuingia. Kwa mtu anayesubiri jibu la msimamizi wake, hilo ni balaa. Ushauri wangu ni kufungua akaunti ya pili ya Google kwa ajili ya nakala tu, ili barua zibaki salama kwenye ya kwanza.

Sasa jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha. Huduma nyingi kati ya hizi hazikufanyii bakapu hasa, yaani nakala ya akiba inayojitegemea. Zinaoanisha: kilichopo kwenye kompyuta kinakuwepo mtandaoni, na ukikifuta hapa kinafutika na kule. Vivyo hivyo virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Faili zilizoharibiwa hupanda mtandaoni na kukaa mahali pa zile nzima. Kinachokuokoa ni pipa la taka na historia ya matoleo, yaani nakala za awali za faili ileile, kwa hiyo kabla ya kujisajili soma vitu hivyo viwili. Google Drive huweka kilichofutwa kwa siku 30 kisha hukiondoa kabisa, na akaunti ya bure ya Dropbox nayo ina siku 30. Mwezi unaonekana mrefu, ila kuna mtu anayefuta sura ya tatu kwa bahati mbaya na kuja kuitafuta baada ya miezi miwili. IDrive ni tofauti kidogo, kwa kuwa imetengenezwa kuwa bakapu: ukifuta faili kwenye kompyuta, nakala yake inabaki kule mpaka uamue mwenyewe kuiondoa. Kwa mwandishi mwenye faili za Word nyingi na rekodi chache, naipenda kwa sababu hiyo.

Kuhusu kasi, fanya hesabu moja tu. Angalia kasi ya kupakia, maana mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kupakua, na kumbuka kwamba megabiti nane ndizo zinazofanya megabaiti moja. Mtandao unaopakia megabiti 2 kwa sekunde utapandisha 10 GB kwa takriban saa 11 bila kukatika. Mara ya kwanza iache ifanye kazi usiku. Baada ya hapo yanapanda mabadiliko tu.

Usiri unategemea unachohifadhi. Picha za harusi hazina shida kubwa. Lakini kama una rekodi za watu uliowaahidi kwamba majina yao hayatajulikana, ahadi hiyo inakufuata mpaka mtandaoni, na hili nalisisitiza kwa kila mtafiti. MEGA na Proton Drive husimba faili, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, kwenye kifaa chako kabla hazijatoka, kwa hiyo mwenye huduma hawezi kuzisoma. Ukipenda kubaki na Google au OneDrive, Cryptomator ni programu ya bure ya kompyuta inayosimba kila faili peke yake kabla haijapakiwa. Gharama yake ni kwamba ukipoteza nenosiri pamoja na ufunguo wa kurejesha, hakuna wa kukufungulia. Uandike ufunguo huo kwenye karatasi, na karatasi ikae mbali na kompyuta.

Usiishikilie huduma moja kana kwamba ni ya milele. Hifadhi ya Ubuntu One ilifungwa mwaka 2014, na huduma iliyoitwa Copy ikafuata mwaka 2016. Microsoft ilitangaza Novemba 2015 kwamba nafasi ya bure ya OneDrive itashuka kutoka 15 GB hadi 5. Akaunti isiyotumiwa nayo ina mwisho: Google inaweza kuifuta ikikaa miaka miwili bila kuguswa. Barua za matangazo kutoka kwa huduma uliyochagua usizitupe bila kuzisoma, kwa sababu taarifa ya kufungwa hupitia humohumo.

Ukishabaki na huduma mbili unazosita kati yake, zijaribu kwa kurudisha faili. Chukua folda moja halisi yenye hati ya Word, rekodi moja na folda nyingine ndani yake, uipakie, kisha kaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ingia kwa kivinjari na uipakue yote. Hapa ndipo tabia ya huduma inapoonekana. Google Drive hukuletea folda ikiwa imefungwa ndani ya ZIP, yaani faili moja iliyobanwa, na ikiwa kubwa huigawa katika ZIP kadhaa, kwa hiyo itabidi uzifungue zote na kuzirudisha pamoja. MEGA ina kikomo cha kiasi unachoweza kupakua kwa muda fulani kwenye akaunti ya bure, hivyo zile 20 GB huenda zisirudi kwa mkupuo mmoja. Fungua hati, isikilize rekodi hadi dakika za mwisho, tazama kama tarehe za faili zimebaki.

Katika jaribio hilohilo utagundua kama unaweza kuingia kabisa. Uthibitishaji wa hatua mbili lazima uuwashe, lakini msimbo unakuja kwenye simu, na mwizi wa laptopu mara nyingi huondoka na simu pia. Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja. Ichapishe leo, uiweke pamoja na ile karatasi ya ufunguo.

Mimi mwenyewe faili za uhariri ziko Google Drive kwenye akaunti yake ya pekee, zile za siri ziko Proton Drive, na kila Ijumaa naunganisha diski ya nje, nanakili folda yote, kisha naichomoa. Kuichomoa ni lazima, kwa kuwa diski iliyoachwa imeunganishwa hufungwa na virusi vilevile vinavyofunga kompyuta. Kama una 5 GB au pungufu na huna rekodi za watu, anza na IDrive au akaunti ya pili ya Google, na jaribio la kurudisha ulifanye wiki hiihii, kabla hujapakia yaliyobaki.